Gololi Tatu za Kinga ya Tata

Ilianza Jumamosi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa naitazama kwenye simu ya fundi. Aliilaza juu ya kopo la grisi, inaimba kwa sauti ndogo, na mimi nilihesabu dakika nikiomba kazi iishe niondoke pale.

Pale ni kwenye ukuta wa parokia yetu, upande wa barabara kubwa ya Kolwezi. Fundi alitundika rimu moja kuukuu kwenye msumari, ndiyo alama yake. Chini ana benchi, pampu, beseni la maji ya kutafutia matundu ya mipira, na makopo ya vipuri. Tata, baba yangu, alikuwa amenituma na kinga yake. Kinga ni baiskeli. Huku kwetu neno baiskeli linabaki darasani. Usukani wake ulikuwa umekuwa mzito, ukikata kona unasikia unasaga kama meno ya mtu aliyelala, na Tata alitaka ufunguliwe, usafishwe, utiwe grisi mpya.

Hakunituma kuipeleka tu. Alinituma kuilinda. Kwetu huachi kinga kwa fundi ukaenda zako. Mtu wa nyumbani anakaa kwenye benchi na kuangalia mikono ya fundi, tangu ekru, yaani nati, ya kwanza inayofunguliwa mpaka ya mwisho inayokazwa, ili kipuri kizima kisitoke na kibovu kikaingia. Mafundi wamezoea. Hawakasiriki, wanakupangusia hata sehemu ya kukaa. Na Tata zaidi ya wengine wote, maana yeye ni magazinieri, mtunza ghala kwenye depo moja barabara ya Kingamyambo. Ukimrudishia sanduku la kiberiti analitikisa kwanza.

"Ukae, uangalie mikono yake," aliniambia mlangoni. "Usiangalie barabara. Mikono."

Kwangu kumwangalia mtu mikono ni kazi ngumu kuliko kufyatua tofali. Mimi nikisalimiwa na mgeni naangalia vidole vyangu vya mguu. Na kumkodolea macho mtu mzima, kana kwamba umeshamwita mwizi na unangoja tu saa yake ifike, niliona ni matusi. Nilikuwa nimebeba sac yangu ya shule nijifanye nasoma. Nilifungua daftari la biolojia, nikaanza kusoma mistari ileile.

Fundi huyu si mzee. Alikuja zamani kutoka upande wa Sandoa, akawa creuseur, mchimbaji wa mkono kama vijana wengi hapa, mpaka siku ukuta wa shimo ulipomshukia mguuni. Mguu wa kushoto haukunjiki tena. Sisi ni watu wa Kasai. Babu aliletwa huku kufanya kazi ya mgodi, na nyumbani kwetu tunasali, tunasoma, tunavaa shati iliyopigwa pasi. Neno creuseur kwetu linatamkwa kama mtu anayeokota kitu kichafu sakafuni kwa vidole viwili. Sisemi hivi kujisifu. Ninasema ili kieleweke kilichotokea baadaye.

Alilegeza usukani, akauchomoa, akashika uma wa mbele kwa mkono mmoja, na zile gololi ndogo za chuma zikamwagika ndani ya kifuniko cha kopo. Fundi anaziita biye.

"Tuhesabu pamoja, mama," alisema. Huku kwetu hata msichana wa miaka kumi na sita anaitwa mama, akiheshimiwa. "Kesho usiseme fundi alikula."

Tulihesabu. Za chini ishirini na tano, za juu ishirini na tano. Alihesabu kwa sauti, mimi kwa midomo. Alizimwagia petroli kidogo, akanipa kifuniko.

"Shika. Uzitingishe polepole mpaka zing'ae. Mi nasugua kuvete."

Kuvete ni kile kikombe cha chuma ambamo gololi zinazunguka, kimoja chini, kimoja juu. Alinipa mgongo, akaanza kusugua. Mimi nikatingisha. Kazi hiyo niliipenda, sitaficha. Zilikuwa nyeusi, zikaanza kuwa kama macho ya samaki.

Halafu nikawaona wasichana watatu wa darasa letu wakija kando ya barabara.

Si maadui zangu. Hawajawahi kunifanyia lolote. Ila wao wanaletwa shuleni kwa gari au kwa moto, yaani pikipiki, wana viatu vinavyong'aa, na mimi siku hiyo nilivaa kitenge cha Mama kilichopauka na sandali za plastiki, nimekaa kwenye benchi la fundi pembeni ya kinga kuukuu kuliko mimi, kiti chake kimeshikwa kwa vipande vya mpira. Niligeuka ukutani. Niligeuka upesi mno. Kifuniko kikainama, petroli ikaniloanisha kitenge, na nikasikia sauti ndogo chini, kama punje za mahindi zinaanguka.

Wakapita nyuma yangu.

"Yule si wa kwetu mu classe?"

"Wapi! Ni mutoto ya fundi."

"Mais ana nywele kama..."

"Nakuambia ni mutoto ya fundi. Twende."

Wakacheka, labda kwa jambo lingine. Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo ninaloona haya kuliandika kuliko mengine: nilifurahi kuitwa mtoto wa fundi, maana ilikuwa afadhali kuliko kujulikana.

Niliinama nikaokota nilizoziona, nikazifuta kwenye kitenge, nikazirudisha. Sikuhesabu.

"Ziko zote?" aliuliza fundi, bado kanipa mgongo.

"Ziko zote."

"Bon. Wewe njo mulinzi." Njo ni ndiye au ndiyo ya darasani.

Alizipanga kwenye grisi moja moja, kwa ncha ya kidole. Za chini zikajaa. Za juu alipofika mwisho, akasita.

"Naona kuna nafasi huku. Mama, kweli ziko zote? Ulihesabu?"

Hapo nilipewa mlango wa pili. Ningesema tu, tuangalie chini ya benchi. Lakini ningetakiwa kueleza kwa nini zilianguka, na kwa nini niligeuka, na wasichana walikuwa wamesimama kununua karanga, bado hawajafika mbali.

"Nilihesabu," nilisema.

Aliangalia tena kuvete, akapitisha kidole. "Basi ni kuvete imelika, imepanuka. Kinga ya zamani." Akafunika, akarudisha uma, akakaza ekru ya kwanza, akakaza na ya pili juu yake. Aliinua gurudumu la mbele na kuuzungusha usukani kulia na kushoto. Ulizunguka laini, bila sauti.

Alikuwa ananawa mikono kwa mchanga nilipoinama kuvuta mkanda wa sandali nikaziona. Tatu. Zilikuwa zimelala pamoja karibu na mguu wa benchi, kama zimekutana. Niliweka sandali juu yake. Sikufikiri. Mguu ulikwenda wenyewe.

Kumwambia sasa ni kumwambia afungue kila kitu upya, na watu wawili walishafika na matairi yao. Ni kumwambia pia kwamba dakika tano zilizopita nilimdanganya usoni. Nilijifanya naendelea kufunga mkanda, nikaziokota, nikazitia ndani ya kikoba changu cha kalamu. Nilisukuma kinga mpaka nyumbani. Tata aliuzungusha usukani kwa kidole kimoja, akatabasamu.

"Uliangalia mikono?"

"Niliangalia."

Jumatatu ilianza kugonga. Tata akishika breki ya mbele, unasikia tok, ndani ya kichwa cha kinga, halafu tok tena akiiachia. Jumatano alipitia kwa fundi akitoka kazini, fundi akakaza. Ijumaa ikalegea. Fundi akakaza tena, akatia kipande cha bati chini ya ekru, na hakukubali kulipwa. Jumatatu iliyofuata, tok.

"Huyu mutu ananicheza," alisema Tata mezani.

"Labda ni kinga yenyewe inazeeka," alisema Mama.

"Kinga haizeeke kwa siku tatu. Mi nilimupa usukani mukavu, akanirudishia usukani wenye kucheza. Kuna kitu alitoa mule."

Mama alinitazama. "Lakini huyu si alikuwa pale?"

"Alikuwa pale," alisema Tata, "na aliangalia. Si ndivyo?"

Nilikuwa nafinyanga bukari, ugali wetu, katika sahani. Niliendelea kufinyanga tonge lile mpaka likawa gumu. "Ndiyo, Tata."

Wiki hiyo nilijifunza uzito wa vitu vidogo. Gololi tatu hazilemei mkono, lakini kila nikifungua kikoba kuchukua kalamu zilikimbia chini ya rula zikalia. Siku moja tulikuwa tunaandika imla, kimya kabisa, zikalia. Mwalimu akasimama.

"Nani ameleta kengele?"

Darasa likacheka. Mimi nilicheka pia ili nifanane na wengine. Baadaye nilizifunga ndani ya karatasi ya daftari, nikakunja mara nne. Nilisimama siku moja kwenye mfereji wa barabara na karatasi ile mkononi, nikitaka kuiachia. Nilishindwa. Zilikuwa za Tata. Kuzitupa ingekuwa wizi kweli, nilijiambia, kana kwamba mpaka hapo nilikuwa sijaiba kitu.

Siku mbili tatu nilichukua njia ndefu ya kurudi nyumbani nisipite ukutani. Mara moja nilisahau, nikapita. Fundi aliniona.

"Mama! Usukani ya Tata inashika sasa?"

"Inashika kidogo," nilijibu, nikienda.

"Sielewe," alisema nyuma yangu, kama anayeongea na kinga iliyokuwa mbele yake. "Mi nilifunga muzuri kabisa. Sielewe."

Jumapili ya wiki hiyo ya pili tulikuwa tunakwenda misa ya kwanza. Mama na sisi watoto tulitembea, Tata alitangulia na kinga kwa sababu yeye ndiye anayesoma somo na hataki kufika ametoka jasho. Alivaa shati jeupe. Kuna mteremko mpaka kwenye reli, na mbele ya reli kila mtu anashika breki. Alishika. Hata sisi nyuma tuliisikia ile tok. Usukani ulikwenda upande, gurudumu likakataa kufuata, na Tata akaanguka juu ya kokoto za reli mbele ya watu wote waliokuwa wanakwenda kusali.

"Yesu wangu!" alilia Mama.

Watu walimwinua. "Pole, Tata. Pole sana. Uko muzima?" Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kuvimba kwenye kifundo, shati limechanika kiwikoni. Tata hakulia wala hakulaumu mtu. Alikuwa anatafuta kiatu chake. Kiatu kilirukia ng'ambo ya reli, naye aliruka kwa mguu mmoja juu ya kokoto, soksi yake ina tundu kwenye kisigino, akisema, "Si kitu, si kitu, muende, misa inaanza." Mimi niliyeficha uso ukutani nisionekane na kinga yetu, nilimwangalia Tata akirukaruka mbele ya parokia nzima.

Nilikimbia nikamletea kiatu. "Aksanti, mwana wangu," alisema. Nilipiga magoti kumfunga kamba, kwa kuwa yeye hakuweza.

Somo lilisomwa na mtu mwingine.

Baada ya misa Tata hakwenda kufungwa mkono. Alinipa Biblia yake niibebe, akasukuma kinga kwa mkono wa kushoto mpaka kwa fundi mwingine, mzee wa sokoni, na kumwambia afungue mbele yetu. Yule mzee alimwaga za chini: ishirini na tano. Akamwaga za juu, akahesabu kwa kuzisogeza mbilimbili, akahesabu tena.

"Ishirini na mbili," alisema. "Inakosa tatu, Tata. Njo maana biye zinakimbilia upande moja, ekru inajifungua yenyewe. Nani alifungua hapa mara ya mwisho?"

Tata alikuwa ameshageuka kuelekea parokia. Niliona tu shingo yake.

Fundi wetu alikuwa ukutani, Jumapili anaziba mipira ya wanaotoka misa ya pili. Tata alipofika aliongozana na mzee mmoja wa komite ya parokia, yule anayeshika funguo, ambaye ndiye aliyemruhusu fundi kukaa pale. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Ukimwona mtu na mkono uliovimba anasukuma kinga kwa hasira, unasimama. Wakasimama wengi.

"Jambo yenu, Tata," alisema fundi, akainuka na mguu wake mgumu. "Mais mukono iko na nini?"

"Acha mukono. Biye yangu tatu iko wapi?"

"Biye gani?"

"Za juu. Ulikuta ishirini na tano, ukaacha ishirini na mbili. Zile tatu uliuzisha nani?"

Fundi alicheka kidogo, akifikiri ni mzaha, halafu akaacha. "Tata, mi biye ya mutu nitafanyia nini? Angalia, niko nazo kopo muzima."

"Njo vile mwizi anasemaka. Kopo yako ilijaa na nini, kama si biye ya batu?"

"Creuseur ni creuseur tu," alisema mama mmoja anayeuza karanga. "Hata umukalishe pa ukuta ya Mungu."

"Alizoea kuchimba!" alipaza sauti kijana mmoja. "Shimo ilimukataza, sasa anachimba mu kinga ya batu!"

Walicheka sana. Fundi alingoja kicheko kiishe.

"Tata, mi sikuwa peke yangu. Ulituma mulinzi. Mutoto yako alikuwa hapa na njo yeye alishika kifuniko. Mi nilimuuliza mara mbili. Umuulize na wewe."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na Biblia ya Tata kifuani na sac yangu mgongoni, maana Jumapili tunaandika mahubiri kwa ajili ya katekisimu. Ndani ya sac kulikuwa na kikoba, ndani ya kikoba karatasi, ndani ya karatasi zile tatu. Ningeweza kunyoosha mkono tu.

"Uliangalia mikono yake?" aliuliza Tata.

"Niliangalia."

"Alitoa biye?"

Nilisema: "Mi sijue, Tata."

Fundi aliniangalia. Hakuniangalia kwa muda mrefu, na wala hakuwa na hasira. Aliangalia kama alivyoangalia ile nafasi kwenye kuvete, akipitisha kidole. Kisha aliinama, akafungua kopo lake, akachagua gololi tatu nzima, akazipangusa kwa kitambaa na kuziweka kwenye kiganja cha Tata.

"Chukua, Tata. Na pole ya mukono."

"Aaah! Muliona?" alisema yule mama wa karanga. "Amerudisha!"

"Amerudisha! Amekubali!"

Mzee wa komite alitikisa funguo zake. "Kesho asubuhi saa moja nitapita hapa. Nisikute bitu byako pa ukuta ya parokia. Umesikia?"

"Nimesikia, Tata," alijibu fundi; huku kila mwanamume mzima anaitwa tata, akiheshimiwa.

Alirudi kwenye mpira aliokuwa anauziba. Mwenye mpira alimwambia aache, akauchukua vilevile haujakauka gundi, akaenda nao.

Njiani Tata alisukuma kinga mpaka tulipovuka reli. Halafu akasimama, akaniwekea mkono wake mzima kichwani.

"Usiwe na huzuni. Si kosa yako. Wewe uko mutoto, na mikono ya mwizi iko mbio kuliko macho. Mi njo nilikosea kukutuma."

Angenipiga ningeshukuru.

Kabla ya kula tulisali kama kila siku. Tata alisali kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, halafu akamaliza kwa Kiswahili ili wadogo zangu wasikie. Alimwombea yule fundi. Alimwomba Mungu amsaidie aache njia mbaya, apate kazi ya haki mahali pengine. Wote tukasema amina, na mimi nikasema amina.

Asubuhi iliyofuata Tata aliondoka saa kumi na moja na nusu kwa miguu, mkono umefungwa kitambaa, kwa kuwa hakuweza kushika usukani. Nilimsikia akifunga mlango. Palepale kitandani nilitaka kumfuata, yaani nilitaka kutaka. Nilivaa uniforme, blauzi nyeupe na sketi ya buluu, nikamwambia Mama nina zamu ya kufagia darasa, ambao ulikuwa uongo mwingine, na nikaenda ukutani.

Rimu ilikuwa imeshashuka, umebaki msumari. Fundi alikuwa anapanga makopo ndani ya beseni. Mzee wa komite alisimama pembeni na funguo zake, akiangalia mikono.

Niliwasalimu. Walijibu. Nilifungua sac, nikafungua kikoba, nikamwaga kalamu na rula kwenye benchi, kisha nikakunjua ile karatasi mikunjo minne.

"Ni hizi," nilisema.

"Unasema nini?" aliuliza mzee wa komite. "Sema na nguvu."

Barabarani wanafunzi walishaanza kupita. Niliwaona wale wasichana watatu. Siku hiyo walishushwa mbali kwa sababu kamio, lori kubwa, ilikuwa imeharibika katikati ya njia, na walikuja kwa miguu moja kwa moja kutuelekea. Ukuta ulikuwa palepale mbele yangu. Nilijua jinsi ya kuugeukia.

"Ni hizi biye za Tata," nilisema kwa nguvu, mpaka nikajishtua mwenyewe. "Mi njo niliangusha. Yeye hakuiba."

Mmoja wa wasichana alisimama. "He, ni yeye kweli," aliwaambia wenzake. Sikujua walifanya nini baada ya hapo, maana nilikuwa namwangalia fundi.

"Zilikuwa wapi?" aliuliza.

"Chini ya benchi. Nilizikanyaga."

"Siku ile ile? Wakati nilikuuliza?"

"Baadaye kidogo. Ulikuwa unanawa mikono."

"Na jana? Wakati batu banapiga kelele hapa, zilikuwa wapi?"

"Mu sac," nilisema. "Ku mugongo."

Alishika moja kwa vidole viwili, akaitazama kwenye mwanga, akairudisha pamoja na zingine. "Mi nilikuwa najua sikuiba," alisema. "Kwa kuniambia mi, haujanisaidia kitu. Jana hapa palijaa batu. Leo uko unasema mbele ya mi na huyu tata na batoto ya masomo. Wale batu ba jana, nani atabaambia?"

Nilizikusanya gololi kiganjani.

"Na Tata yako anajua?" aliuliza mzee wa komite.

"Bado."

"Bon." Aligeuza funguo kidoleni. Naye sasa alikuwa anaangalia chini, kama mimi. "Fundi, acha kwanza kufunga."

Fundi hakuacha. Alikaza beseni kwa kipande cha mpira, akakaa kwenye benchi, akaunyoosha ule mguu wake. "Nitangoja hapa mpaka saa sita. Tata ya mutoto akuje mwenyewe, asimame pale alisimama jana. Kama hakuje, mi niko naenda."

Nilikusanya kalamu zangu. Shule ilikuwa mkono wa kulia. Nilikwenda kushoto.

Barabara ya Kingamyambo ni ndefu kwa miguu, na makamio yanapita yakiacha vumbi jekundu ambalo halina haraka ya kushuka. Nilivuka reli pale alipoanguka. Mkononi nilishika gololi, sikuzirudisha kwenye kikoba, na zilikuwa zimeshaanza kupata joto na jasho langu. Nilifanya mazoezi ya maneno, lakini kila nilipofika kwenye neno "amina" yalikatika, nikaanza upya.

Mlangoni pa depo mlinzi alinisimamisha.

"Mutoto ya masomo, saa hii unatafuta nani?"

"Magazinieri."

"Juu ya nini?"

"Nimemuletea kitu chake."

"Kitu gani? Hapa hakuna kitu kinaingia kama sijaona. Fungua mukono."

Nilifungua. Aliziangalia, akaniangalia na vumbi langu lote, viatu vyeupe vimekuwa vyekundu. "Ulitembea mpaka hapa sababu ya biye tatu?"

"Ndiyo, Tata."

Alimwita. Tata alitoka ghalani karibu anakimbia, kalamu iko sikioni, mkono umeshikiliwa kifuani, na uso wake niliujua: ulikuwa uso wa mtu anayekuja kuambiwa msiba.

"Mama yako? Ni Mama yako ana nini?"

"Hapana, Tata. Mama ni mzima. Ni mi."

Niliufungua mkono mbele yake. Aliinama kuzitazama, na niliona midomo yake inaanza kuhesabu, moja, mbili. Kabla hajafika ya tatu nikaanza kumweleza, pale pale mlangoni, mlinzi anasikia, tangu Jumamosi saa tisa na dakika ishirini.